Shuka Haikai? Hesabu Inchi

Wasee, shuka ya mpira ikijikunja usiku msilaumu godoro. Laumuni historia. Mwaka 1959 Bertha Berman wa Marekani alipewa hataza ya shuka yenye pembe za kushika godoro. Wazo noma, ila nyingi tunazopata mtumba zilikatwa kwa vitanda vya kwao. Kwini yao ni inchi 60 kwa 80. Futi 5 kwa 6 yetu? 60 kwa 72. Sasa hizo inchi 8 ziende wapi? Ziko chini ya mgongo wako, na pesa imebaki Gikomba. Siku hizi nabeba tepu ya fundi sokoni. Wauzaji hunicheka, sawa tu. Pima na unene pia: pembe fupi kwenye godoro la inchi 10 zitachomoka kabla hujalala.