Goma–Kinshasa: kilomita ni zile zile, njia imerefuka

Kati ya uwanja wa ndege wa Goma na ule wa N'djili, Kinshasa, kuna karibu km 1,570 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya abiria huzipita kwa masaa mawili na dakika chache. Na kwa kuwa saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa ya Goma kwa saa moja, anayeondoka Goma saa nne asubuhi anaweza kushuka Kinshasa saa tano na robo ya kule.

Zamani haikuwa hivyo. Wakati wa Wabeleji, mtu alipanda meli Léopoldville (Kinshasa ya leo), akafuata mto hadi Stanleyville, ndiyo Kisangani, zaidi ya km 1,700. Hapo alikuwa bado hajafika Kivu: ilibaki kukata pori kwa barabara. Safari ilikuwa ya majuma. Mwaka 1920 Wabeleji walianzisha ndege za kutua majini zilizofuata mto huo huo, na mwaka 1921 zikafika Stanleyville, lakini mwaka 1922 kazi hiyo ikasimama.

Baadaye ndege zikawa ndizo barabara ya Kivu, maana mpaka leo hakuna barabara ya lami inayounganisha Goma na Kinshasa. Ndiyo sababu kila pigo kwa uwanja wa Goma ni pigo kwa raia wote. Tarehe 17 Januari 2002 volkano Nyiragongo ililipuka, na moto wake ukafunika karibu theluthi moja ya njia ya ndege, upande wa kaskazini. Ndege zikaendelea kutumia njia iliyobaki fupi. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege iliyokuwa ikielekea Kisangani na Kinshasa ilishindwa kupaa, ikavuka mwisho wa njia na kuingia katika mtaa wa Birere, penye soko na nyumba za watu.

Januari 2025, vita ilipoingia Goma, uwanja ulifungwa kwa abiria. Wengi wakapita mpaka wa Gisenyi, wakaenda Kigali kwa gari, wakapanda ndege hadi Nairobi, ndipo wakarudi magharibi hadi Kinshasa. Kwa anga peke yake ni zaidi ya km 3,100, mara mbili ya njia iliyonyooka, na masaa mawili yakageuka kuwa siku nzima au zaidi.

Tena njia hiyo inadai pasipoti. Mgonjwa anayetafuta daktari Kinshasa, mwanafunzi, mama mchuuzi: kila mmoja anahitaji ruhusa ya nchi mbili za kigeni ili afike mji mkuu wa nchi yake. Asiyekuwa na pasipoti, kwake Kinshasa imerudi kuwa mbali kama wakati wa meli.