Fizikia ya nusukipitishi (kozi ya chuo kikuu)

Fizikia ya nusukipitishi ni kozi ya fizikia tumizi inayosomwa mwishoni mwa shahada ya kwanza, baada ya mwanachuo kupita umeme na sumaku, thamodinamiki na mekanika ya kwanta. Inahusu mata kama silikoni, ambayo haipitishi umeme kama shaba wala haiuzuii kama kioo, na jinsi inavyotumika kutengeneza transista, leza na paneli za sola. Kitabu cha Charles Kittel kuhusu fizikia ya yabisi, kilichotoka mwaka 1953, kimelea vizazi vingi vya wanafunzi wa somo hili.

Kiini cha kozi ni pengo la nishati. Elektroni iliyoshikwa na atomi za silikoni huhitaji takriban elektronivolti 1.1 ili iwe huru. Katika joto la kawaida ni chache mno zinazoipata: sentimita moja ya ujazo ina atomi kama 5 × 10²², lakini elektroni huru ni kama 10¹⁰ tu. Kwa hiyo atomi moja ya fosforasi ikitiwa katika kila atomi milioni za silikoni, idadi ya elektroni huru hupanda zaidi ya mara milioni. Teknolojia yote ya kompyuta imejengwa juu ya uwiano huo.

Jaribio linalofundisha zaidi ni la Edwin Hall, aliyeligundua jambo lake mwaka 1879, miaka 18 kabla elektroni haijatambuliwa. Mkondo hupitishwa kwenye kipande chembamba kilicho ndani ya uga wa sumaku. Chaji husukumwa pembeni, na volteji ndogo huzuka kukingama mkondo. Kadiri chaji huru zinavyopungua ndivyo volteji inavyokua, hivyo nusukipitishi hutoa milivolti zinazopimika kwa urahisi, ilhali kipande cha shaba cha unene uleule hutoa volteji ndogo mno kwa mita ya kawaida. Kisha huja la ajabu: silikoni iliyotiwa boroni hutoa volteji ya alama iliyogeuka, kana kwamba chaji chanya ndizo zinazotembea, na hali hakuna kinachotembea humo ila elektroni. Fizikia ya kale haina jibu. Rudolf Peierls alilitoa mwaka 1929 kwa mekanika ya kwanta: nafasi iliyoachwa na elektroni, yaani tundu, hutenda kama chembe yenye chaji chanya. Kozi isiyo na maabara humnyima mwanafunzi nafasi ya kukutana na jambo hili kwa mikono yake, na hasara hiyo hakuna mhadhara unaoifidia.

Pengo hilohilo la nishati hutawala paneli za sola. Nuru yenye urefu wa wimbi unaozidi nanomita 1,100 hivi hupita silikoni bila faida, na ziada ya nishati ya nuru ya buluu hupotea kama joto. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa, iliyotengenezwa Bell Labs mwaka 1954, ilifikia ufanisi wa asilimia 6. Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walionyesha kuwa seli ya kiungo kimoja, katika mwanga wa jua usiokusanywa kwa lenzi, haiwezi kuvuka takriban theluthi moja.