Msimu wa 2020 wa Ligi Kuu ya Japani: Mkenya alipofunga mabao 28 katika mwaka wa korona

Wapenzi wa kandanda wa Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa wanaukumbuka mwaka 2020 kwa kafyu. Kuanzia tarehe 27 Machi hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje baada ya saa moja jioni. Tarehe 8 Aprili kaunti za Kilifi, Kwale na Mombasa zikafungiwa mipaka, mtu asiingie wala asitoke. Viwanja vikawa kimya. Ligi kuu ya Kenya ilikuwa imesimama tangu katikati ya Machi, na mwisho wa Aprili Shirikisho la Soka likatangaza msimu umekwisha, Gor Mahia mabingwa, mechi zilizosalia zisichezwe tena. Uamuzi huo ulizua mzozo uliodumu kwa miezi.

Mwaka huohuo, huko Japani, ligi ilisimama kwa ugonjwa huohuo, ikarudi, ikachezwa mpaka mechi ya mwisho. Na aliyemaliza akiwa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu mzima alikuwa Mkenya, Michael Olunga wa Kashiwa Reysol. Makala haya yanaeleza msimu huo ulivyokwenda, ili anayetaka kuujua aupate mahali pamoja, na ili sisi wa Pwani tuone lililo na manufaa kwetu.

Msimu kwa ufupi

- Ligi: J1, daraja la juu la soka ya kulipwa Japani
- Timu: 18, kila moja mechi 34
- Kuanza: 21 Februari 2020. Kurudi baada ya kusimama: 4 Julai. Kumalizika: 19 Desemba
- Bingwa: Kawasaki Frontale, pointi 83
- Waliofuata: Gamba Osaka (65), Nagoya Grampus (63), Cerezo Osaka (60)
- Mfungaji bora: Michael Olunga, Kashiwa Reysol, mabao 28
- Mchezaji bora: Michael Olunga
- Kushuka daraja: hakuna

Ligi yenyewe

Ligi ya kulipwa ya Japani ilianza mwaka 1993 ikiwa na klabu 10. Kabla ya hapo timu kubwa zilikuwa za makampuni, kama vile huku kwetu timu za bandari, za viwanda vya sukari na za mabenki. Waanzilishi wa ligi mpya waliweka sharti kwamba klabu iwe na mji wake, na jina lake liwe la mji wala si la kampuni. Timu ya kampuni ya Hitachi ikawa Kashiwa Reysol, ya mji wa Kashiwa katika mkoa wa Chiba, jirani na Tokyo, na ikaingia katika ligi hiyo mwaka 1995. Kampuni iliendelea kutoa fedha, lakini timu ikawa ya watu wa mji.

Daraja la pili, J2, lilianzishwa mwaka 1999, na la tatu, J3, mwaka 2014. Kwa hiyo timu inaposhuka huwa ina mahali pa kushukia penye ligi kamili, mishahara na mashabiki. Bila hilo habari ya Olunga haieleweki.

Njia ya Olunga hadi Kashiwa

Olunga alizaliwa tarehe 26 Machi 1994. Alisoma Upper Hill jijini Nairobi, kisha akasomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, ndiyo maana mashabiki humwita Injinia. Alichezea Tusker, Thika United na Gor Mahia. Gor ilipotwaa ubingwa wa 2015 bila kupoteza mechi hata moja, yeye alifunga mabao 19.

Kutoka hapo alikwenda Djurgården ya Uswidi, akaelekea Uchina, kisha akachezea Girona ya Uhispania kwa mkopo. Januari 2018 aliifunga Las Palmas mabao matatu katika mechi moja ya ligi kuu ya Uhispania, baada ya kuingia kama mchezaji wa akiba. Hata hivyo hakupata nafasi ya kudumu, na Agosti 2018 akajiunga na Kashiwa.

Mwisho wa mwaka huo Kashiwa ikashuka daraja. Wengi walidhani atafunga virago. Alibaki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Olunga aliinama msimu mzima wa 2019 katika J2, akafunga mabao 27. Siku ya mwisho ya msimu, tarehe 24 Novemba 2019, Kashiwa iliinyuka Kyoto Sanga 13–1 na yeye peke yake akafunga 8, idadi ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuifikia katika mechi moja ya ligi hiyo. Kashiwa ikarudi J1 ikiwa bingwa wa daraja la pili.

Kocha alikuwa Mbrazili Nelsinho Baptista, na si mara yake ya kwanza kupanda na timu hiyo. Mwaka 2010 aliipandisha kutoka J2, na mwaka 2011 ikatwaa ubingwa wa J1 papo hapo. Mashabiki wa Kashiwa walikuwa na sababu ya kutarajia mambo makubwa.

Raundi moja, kisha kimya

Msimu ulifunguliwa tarehe 21 Februari 2020. Siku ya pili yake Kashiwa iliifunga Consadole Sapporo 4–2, Olunga mawili. Tarehe 25 Februari ligi ikasimamishwa. Raundi moja tu ilikuwa imechezwa.

Viongozi hawakukaa kungoja. Mwanzoni mwa Machi ligi ya soka na ligi ya besiboli ziliunda kamati moja na madaktari wa magonjwa ya kuambukiza, na kwa ushauri wa kamati hiyo kanuni ziliwekwa kabla mpira haujarudi. Zilizo muhimu zaidi ni hizi:

- Hakuna timu itakayoshuka mwaka huo. Mbili za J2 zitapanda, na msimu wa 2021 utakuwa na timu 20.
- Msimu utahesabika tu iwapo asilimia 75 ya mechi zote zitachezwa, na kila timu icheze angalau nusu ya mechi zake.
- Mechi itachezwa mradi timu ina wachezaji 14 wazima, akiwemo kipa.
- Kila timu itaweza kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu, kwa kuwa mechi zitabanana.
- Wachezaji watapimwa korona kila baada ya wiki mbili.

Faida ya kanuni hizo ni kwamba ziliandikwa kabla ya mtu yeyote kujua nani angefaidika nazo. Timu ya mkiani na timu ya kileleni zote zilijua mapema jinsi mambo yangeamuliwa endapo ligi ingekatika tena, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kulalamika baadaye.

J1 ilirudi tarehe 4 Julai. Raundi za kwanza zilipangwa baina ya timu za eneo moja ili kupunguza safari. Mwanzo hakukuwa na mashabiki. Tarehe 10 Julai waliruhusiwa, wasizidi 5,000, nao walikatazwa kuimba na kupiga kelele. Waliruhusiwa kupiga makofi tu.

Kwa Mkenya aliyetaka kufuatilia kwa simu, saa zilikuwa nzuri. Japani imetutangulia kwa saa sita. Mechi ya saa moja usiku kule ni saa saba mchana huku, jua likiwa utosini, wakati mechi nyingi za Ulaya zilikuwa zikichezwa ndani ya saa za kafyu.

Mbio za ubingwa

Mbio zenyewe hazikuwa na ushindani mkubwa. Kawasaki Frontale ya kocha Toru Oniki ilishinda mechi 26, ikatoka sare 5 na kupoteza 3. Ilifunga mabao 88. Kwa wakati mmoja ilishinda mechi 12 mfululizo. Tarehe 25 Novemba iliichapa Gamba Osaka, iliyokuwa ya pili, 5–0, ikatawazwa bingwa mechi nne zikiwa bado. Ulikuwa ubingwa wake wa tatu, baada ya 2017 na 2018. Tarehe 1 Januari 2021 ikaifunga tena Gamba, 1–0, na kutwaa Kombe la Mfalme.

Wanaofuatilia ligi ya Uingereza watamtambua mmoja wa vijana wa kikosi hicho: Kaoru Mitoma, ambaye baadaye alikwenda Brighton. Mwaka 2020 ndio aliokuwa ametoka chuo kikuu, akafunga mabao 13. Mkongwe wao Kengo Nakamura alistaafu mwisho wa msimu huohuo.

Huku chini, Shonan Bellmare ilishika mkia na Vegalta Sendai ikawa ya 17. Mwaka mwingine zingelia. Mwaka huo zilibaki.

Mabao 28

Kashiwa ilimaliza ya saba kwa pointi 52. Karibu nusu ya mabao yake yalitoka mguuni au kichwani kwa Olunga: 28 katika mechi 32. Aliyemfuata, Everaldo wa Kashima Antlers, alikuwa na 18. Nyuma yake alikuwepo Ataru Esaka, fundi wa pasi, na mtindo wa Kashiwa ulikuwa wa kungoja, kupokonya mpira na kuusukuma mbele haraka kabla mabeki hawajajipanga. Kwa mtu mwenye kasi na mguu wa kushoto wa Olunga, hilo lilitosha.

Mwezi Desemba alitunukiwa mfungaji bora na mchezaji bora. Hapa yafaa kunyoosha jambo linalokosewa mara nyingi. Olunga hakuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mfungaji bora Japani. Patrick Mboma wa Kamerun alikuwa amefanya hivyo mwaka 1997 akiwa na Gamba Osaka, kwa mabao 25. Wala 28 si rekodi ya msimu, kwani Masashi Nakayama alifunga 36 mwaka 1998. Olunga alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo, na alichaguliwa akitoka timu ya saba, ilhali tuzo hiyo aghalabu huenda kwa timu zilizo kileleni.

Kombe moja lilimponyoka. Kashiwa ilifika fainali ya Kombe la Ligi iliyopangwa tarehe 7 Novemba, lakini korona ikaingia kambini mwao, kocha Nelsinho akiwa miongoni mwa walioambukizwa. Fainali ikasogezwa hadi 4 Januari 2021, na FC Tokyo ikashinda 2–1. Mwezi huohuo Olunga alihamia Al-Duhail ya Qatar. Huko nako akawa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2021/22, kwa mabao 24. Kashiwa bila yeye ilimaliza 2021 ikiwa ya 15.

Linalotuhusu sisi

Ligi kuu ya Kenya ilianza msimu mpya mwishoni mwa Novemba 2020, siku chache baada ya Kawasaki kutawazwa. Haitakuwa haki kulinganisha mifuko ya Kenya na ya Japani. Kupima wachezaji kila wiki mbili ni gharama. Lakini karatasi inayosema msimu ukikatika tutafanya hivi haihitaji tajiri.

Katika msimu wa 2019/20 Pwani nzima ilikuwa na timu moja tu katika ligi kuu, Bandari ya Mombasa. Kilifi haikuwa na hata moja, ingawa kila mtaa wa Malindi na kila kijiji cha barabara ya Mombasa kina vijana wanaocheza jioni. Tulichonacho kwa wingi ni kombe la mheshimiwa: jezi mpya, spika za muziki, fainali ya kishindo, kisha uchaguzi ukipita timu inarudi kuchangisha nauli ya matatu. Mashindano ya namna hiyo hayana msimu wa pili, na kijana aliyefunga mabao kumi hana hata karatasi ya kuthibitisha.

Olunga alipata nafasi ya kukua kwa sababu timu yake iliposhuka ilikuwa na ligi ya kuchezea, ratiba iliyoheshimiwa na rekodi ya kila bao. Vyama vya soka vya Malindi na Kilifi vikiweza kuwa na ligi ya kaunti yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kanuni zilizoandikwa kabla ya mechi ya kwanza, na daftari la wafungaji linalowekwa mahali salama, tutakuwa tumepata sehemu ya msimu huo wa Japani isiyohitaji mabilioni. Jezi za mheshimiwa zipokelewe tu, mradi ligi isiwe yake.