Jeni Iliyohama

Darasa la tatu, Ujiji, nilikaa dawati moja na mtoto aliyevimba taya. Tuliambiwa ni jino. Likang'olewa, uvimbe ukazidi, na kabla ya mitihani ya muhula nikabaki peke yangu kwenye dawati. Siwezi kuapa alikuwa na nini. Ila mwaka jana, katika masomo yangu ya uzamili, mhadhiri alionyesha picha ya mtoto mwenye taya kama lile, na kalamu ikanigoma.

Ugonjwa wa pichani una jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mvulana aliyevimba mataya pande zote. Wiki chache baadaye akamwona mwingine Jinja. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka takriban kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza: mmewaona watoto kama hawa? Ramani ikajichora. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikoma kwenye miinuko inayozidi mita 1,500 hivi. Ulifuata joto na mvua, kule kule kwenye malaria. Mwambao wetu wa Kigoma, ziwa likiwa mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ni mahali pa namna hiyo hasa.

Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vilionekana London, katika seli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Lakini virusi hivyo karibu sote tunavyo. Kilichonishika mimi ni cha 1982: jeni iitwayo MYC, inayoihimiza seli igawanyike, huhama kromosomu ya 8 na kwenda kukaa kwenye ya 14, jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli za B hazizimwi. Fikiria mtumbwi uliosogezwa kando ya wavuvi wa dagaa: karabai zao zitaumulika usiku kucha, utake usitake. MYC nayo hubaki imewaka, na uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. (Sisi watu wa Ujiji, wajukuu wa Wamanyema waliovuka ziwa, tulidhani tunajua yote kuhusu kuhama.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Burkitt alishaona dozi chache za dawa zikiwaponya baadhi ya watoto. Rafiki yangu aliugua zaidi ya miaka arobaini baadaye. Nikirudi likizo, mama yake hunikaangia migebuka na kuniita mwanangu. Bado husema lilikuwa jino. Sijamwambia kitu.