Mtindo: Neno Moja la Ukumbi wa Dansi na Historia Yake

Sisi tunaochunguza Kiswahili tumezoea kuitafuta sanaa ya maneno katika tenzi, mashairi na hadithi. Ukumbi wa dansi tumeupita kando, kana kwamba watu huenda kule kunywa na kuchezesha miguu tu, tena kwa muziki wa kuazima. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo ilitolewa kwa haraka. Shahidi wangu mkubwa ni neno moja, nalo ni mtindo.

Ni kweli kwamba neno dansi tumelitoa katika Kiingereza, kama tulivyolitoa neno beni kabla yake. Beni ilizuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi. Wachezaji waliiga gwaride na tarumbeta za Wazungu, wakavaa sare, wakapeana vyeo. Mwenye kutazama juu juu ataona uigaji mtupu. Lakini atazame pia mashindano. Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti, na kila upande ulitaka kumshinda mwenzake kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo. Wanawake wa Mombasa nao walishindana vivyo hivyo katika vyama vyao vya lelemama. Desturi hii ya mji kugawanyika pande mbili na kujibizana kwa ngoma na kwa mashairi haikuletwa na meli ya Mzungu. Lamu ilikuwa ikiijua tangu zamani, Mkomani kwa Langoni.

Dansi iliingia nyumba hiyohiyo. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Na mwaka 1948, mjini Morogoro vilevile, Salum Abdallah akaanzisha Cuban Marimba. Wanamuziki hao walijifunza sana kutoka katika santuri za Kuba zilizouzwa Afrika tangu mwaka 1933 kwa nambari zenye herufi GV. Yafaa tukumbuke kwamba muziki wa Kuba wenyewe ulikuwa na damu nyingi ya Afrika, iliyovushwa bahari katika biashara ya utumwa. Basi mkopo ulikuwapo, sikatai; ila aliyekopa alikuta ndani ya mzigo vitu anavyovijua.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Kila bendi ilipaswa kuwa na mtindo wake, yaani mwendo wa mapigo na namna ya kucheza iliyotambulikana kwa jina. Nionavyo mimi, mzizi wa neno hili ni tinda, kukata, ambalo ni umbo la Kimvita la chinja. Fundi cherehani ana mkato wake wa kanzu, na bendi nayo ina mkato wake wa dansi. Western Jazz walikuwa na Saboso. Morogoro Jazz walikuwa na Likembe, jina la kinanda cha Kikongo kipigwacho kwa vidole gumba. Orchestra Maquis, waliotoka Kongo na kuweka makao Dar es Salaam, waliuita mmoja wa mitindo yao Ogelea Piga Mbizi. Hapo mwanasarufi ana la kufurahia, maana amri mbili zimegeuzwa kuwa jina, na mchezaji aliyelisikia alikwisha pewa maelekezo ya mwili wake.

Mwezi wa Novemba 1969 wakuu wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul katika mji wa Dar es Salaam, wakisema ni sumu ya kigeni kwa vijana. Hofu yao naielewa, ila naona waliukosa mlango. Waliitafuta asili kwa kufukuza kilicho kigeni, hali wanamuziki wa mji uleule walikuwa wakiiingiza asili ukumbini kwa gitaa na saksafoni, bila tangazo la serikali. Bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilijulikana kwa mtindo wa Msondo. Kamusi za zamani zaeleza msondo kuwa ni ngoma ndefu ipigwayo katika shughuli maalumu. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilichagua Sikinde, na hiyo ni ngoma ya Wazaramo.

Nyimbo zenyewe zimejengwa kwa kufuata mwendo huu. Sehemu ya kwanza huenda polepole. Mwimbaji husimulia kisa, aghalabu cha ndoa, au cha mtu wa mjini aliyewasahau wazazi, na msikilizaji hufumbua fumbo lililomo. Kisha huja chemko. Maneno hupungua, gitaa hushika usukani, jina la mtindo huitwa, na mwili hupokea kazi ambayo ulimi umeiacha. Mtunzi wa dansi hana budi kuzipima sehemu zote mbili kwa pamoja. Sioni kwa nini kazi hiyo ihesabiwe duni kuliko kazi ya mtunzi wa shairi apimaye mizani na vina.

Msondo na Sikinde walishindana kama Marini na Arinoti, na washabiki wao wakabishana kama wa Simba na Yanga. Muhidini Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba Msondo, akahamia Sikinde mwaka 1978, akapitia Orchestra Safari Sound yenye mtindo wa Ndekule, kisha akarudi Msondo.

Washabiki wa Mlimani Park huita muziki wao ngoma ya ukae. Neno ukae nalihusisha na kaya, yaani nyumbani. Nayo NUTA Jazz, baada ya kuitwa JUWATA Jazz na kisha OTTU Jazz, mwishowe iliacha neno Jazz kabisa, ikajiita Msondo Ngoma.