Insha za Maji Maji, 1968

Malalamiko kwamba wanafunzi wetu huandika insha za kukariri ni ya siku nyingi, na dawa inayotolewa kila mara ni ileile: wafundishwe utangulizi, kiini na hitimisho. Historia ya chuo cha Dar es Salaam inaonyesha kwamba hoja hutokana na kitu kingine. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia, chini ya wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa, walitumwa vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kisha wakaandika walichokikusanya. Ushahidi ulipingana waziwazi. Gavana wa Kijerumani von Götzen, katika kitabu chake cha 1909, alikuwa amewatupia waganga lawama. Wazee wa Umatumbi walitaja pamba ya shuruti, kodi na viboko vya maakida wa utawala wa kikoloni. Songea nako, Wangoni walikuwa na uchungu wao wa watawala walionyang'anywa mamlaka. Mwanafunzi mwenye maelezo hayo mezani hana cha kunakili. Analazimika kuamua amwamini nani, kwa jambo lipi, na kwa nini sababu ya Umatumbi isitoshe kueleza Songea.

Wapo wanaosema mradi ule ulikuwa na majibu kabla ya maswali: taifa changa lilitaka mashujaa na umoja, na wazee walikuwa wakikumbuka mambo ya miaka 60 nyuma huku wakizisikia hotuba za chama tawala, TANU. Pingamizi hili ni zito, na kwa sehemu ni la kweli. Mwaka 1997 mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliturudisha kwenye njaa, nguruwe pori waliokula mazao na mzigo ulioachiwa wanawake, mambo ambayo simulizi ya uzalendo iliyapita haraka mno. Lakini nyaraka za Wajerumani nazo ziliandikwa na watu waliokuwa wakijitetea, wala hatuzitupi kwa sababu hiyo. Insha inayohifadhi maneno ya mzee na kueleza yalivyopimwa humpa msomaji silaha ya kuipinga, na ndivyo ilivyotokea: watafiti waliokuja kuikosoa tafsiri ile waliyarudia mahojiano yaleyale. Mwalimu wa kidato cha tano asiye na fedha za safari anaweza kuanza na kurasa mbili tu, maelezo ya gavana na ya mzee wa Umatumbi, akauliza ni yapi kati ya hayo yanayoeleza kwa nini Wangoni nao waliingia vitani.