Aliyenyamaza na Aliyetulia: Karne Moja ya Mafunzo ya Mbwa

Mafunzo ya mbwa, yaani kazi yenye shule zake, vitabu vyake na watu wanaoifanya kwa mshahara, yana umri mdogo mno yakilinganishwa na uhusiano wenyewe wa binadamu na mbwa, ambao ulikwisha kuota mizizi maelfu ya miaka kabla binadamu hajaanza kulima. Kwa muda wote huo mbwa walifunzwa kazini: mtoto wa mbwa alifuatana na wakubwa porini au malishoni, akajifunza kwa kuona na kwa kukosea. Hata hivyo wazo la mbwa aliyefunzwa, aliye tofauti na mbwa mwingine yeyote, ni la kale. Aya ya 4 ya Sura Al-Maida katika Kurani inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, waliweka alama za kumtambua mbwa wa namna hiyo: akitumwa aende, akizuiwa asimame, akikamata asile, na mambo hayo yajirudie mpaka isiwepo shaka kwamba ni mazoea. Ni kipimo makini, kwa sababu kinatazama anachokifanya mnyama wala hakidai kujua kilichomo moyoni mwake. Swali lililowakabili wakufunzi wa karne ya 20, mbwa alipokuwa mkazi wa nyumba za mijini, lilikuwa gumu zaidi: ni vipi mbwa aliyetulia kweli atatambuliwa na kutengwa na yule aliyenyamaza kwa hofu? Historia ya taaluma hii, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya watu waliochelewa kuiona tofauti hiyo.

Mfumo wa kisasa ulizaliwa mikononi mwa polisi na jeshi. Mwaka 1899 polisi wa mji wa Ghent, Ubelgiji, walianza kufanya doria za usiku wakiwa na mbwa, na miji ya nchi jirani ikafuata mfano huo upesi. Huko Ujerumani, Konrad Most, aliyeanza kufunza mbwa wa polisi mjini Saarbrücken mwaka 1906, alichapisha mwaka 1910 kitabu kilichoathiri vizazi vya wakufunzi waliomfuata. Msingi wa njia yake ulikuwa kushurutisha: mbwa alivutwa kwa kamba na kola yenye kubana, au kuchapwa fimbo, mpaka afanye kinachotakiwa, na papo hapo shuruti ikakoma na sifa ikafuata. Ni haki kukumbuka kwamba Most alikuwa mchunguzi mwenye akili kali, aliyesisitiza kwamba mbwa hajui mema na mabaya kama binadamu, kwamba hujifunza kwa kuunganisha tendo na kinacholifuata mara moja, na kwamba adhabu inayochelewa haina maana yoyote kwake. Bahati mbaya ni kwamba wengi walioichukua njia yake waliichukua fimbo na kuuacha uchunguzi.

Vita Kuu ya Kwanza ilitoa ushahidi kwamba kulikuwa na njia nyingine. Luteni Kanali Edwin Richardson, aliyesimamia shule ya mbwa wa kivita ya Waingereza iliyofunguliwa Shoeburyness mwaka 1917, alihitaji wanyama wa kupeleka barua kutoka mstari wa mbele hadi makao makuu, na katika kazi hiyo mbwa alikuwa peke yake, bila kamba wala bwana wa kumshurutisha, hivyo alipaswa kutaka mwenyewe kurudi kwa mtunzaji wake. Richardson alikataza ukatili na kutumia chakula na upole. Upande wa pili wa vita, daktari Gerhard Stalling alifungua Oldenburg, mnamo Agosti 1916, shule ya kwanza ya kufunza mbwa wa kuwaongoza askari waliopofuka. Kazi hiyo ilienea Marekani baada ya Dorothy Eustis, aliyekuwa akifuga na kufunza mbwa Uswisi, kuiandika gazetini mwaka 1927. Morris Frank, kijana kipofu wa Nashville, aliposomewa makala hiyo alimwandikia barua, akasafiri Uswisi na kurudi na mbwa wake Buddy, na Januari 1929 taasisi ya The Seeing Eye ikaanzishwa. Ndani ya shule hizi lilichipuka somo lililopingana na mantiki yote ya kambi ya jeshi: mbwa mwongozaji alifunzwa kukataa amri pale utii ungemtumbukiza bwana wake barabarani mbele ya gari, na mbwa anayemwogopa mwenye kumwamuru hawezi kukataa.

Wakati huohuo, katika maabara za Petrograd, Ivan Pavlov na wasaidizi wake walikuwa wamekutana na jambo ambalo kwa historia ya mbwa lina uzito kuliko kengele na mate yaliyompa umaarufu. Mmoja wa wasaidizi hao, Shenger-Krestovnikova, alimzoesha mbwa mmoja kwamba umbo la duara likioneshwa chakula hufuata, na kwamba umbo la duaradufu, yaani duara lililorefushwa kama yai, halina chakula. Mbwa alizitofautisha alama hizo bila shida. Kisha duaradufu ikawa inanenepeshwa hatua kwa hatua kulikaribia duara, mpaka ikafika mahali ambapo mstari wake mrefu na ule mfupi vilikuwa kwa uwiano wa 9 kwa 8. Hapo mnyama aliweza kidogo tu, na baada ya majuma kama matatu uwezo huo nao ukapotea. Mbwa aliyekuwa mpole siku zote akaanza kulia na kujinyonganyonga katika mikanda iliyomshikilia, akaing'oa kwa meno mitambo iliyofungwa mwilini mwake, akatafuna mipira ya maabara, na kila alipopelekwa chumbani humo akabweka kwa nguvu. Hata alama rahisi za mwanzo hakuzitambua tena. Pavlov aliita hali hiyo nyurosi ya majaribio, kwa maana ya mvurugiko wa mfumo wa neva unaosababishwa kwa makusudi. Hakuna aliyempiga mbwa yule. Alichonyimwa ni uwezo wa kujua kinachokuja, na hilo peke yake lilitosha kumgeuza kuwa mnyama anayeuma.

Somo la pili lililetwa na maji. Tarehe 23 Septemba 1924 mto Neva ulifurika mjini humo, ambao wakati huo uliitwa Leningrad, na maji yakaingia katika vibanda vya mbwa wa Pavlov. Milango ya vibanda ilikuwa chini, kwa hiyo ili kuwaokoa watumishi walilazimika kuwazamisha mbwa vichwa na kuwapitisha chini ya maji. Wote walitolewa hai, lakini baadhi yao walikuwa wamepoteza yale waliyofunzwa kwa miezi mingi. Kwa subira na kwa kukaa karibu na mtu waliyemzoea walianza kuyarudia, ndipo msaidizi mwingine alipoachia maji machache yapite chini ya mlango wa chumba cha majaribio, na mbwa mmoja akahangaika na kupoteza tena kila kitu kama siku ya gharika. Kwa mtu anayeishi na mbwa aliyeokotwa mtaani, ambaye siku moja hubadilika kwa sababu tu ndoo imeburutwa sakafuni, maandishi hayo yana maana kubwa, nayo yalikuwa yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1927.

Wakufunzi wa mbwa wa majumbani hawakuyasoma. Madarasa ya utii yaliyoenea Marekani kuanzia miaka ya 1930, ambapo wenye mbwa walikusanyika uwanjani kufundishwa jinsi ya kumtembeza, kumkalisha na kumwita mnyama wao, yalirithi kamba na kola ya mnyororo inayokaba shingo, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakufunzi waliotoka jeshini wakazidi kuyatia sura ya gwaride. Kilele chake ni kitabu cha William Koehler cha mwaka 1962. Koehler, aliyefunza mbwa wa jeshi na baadaye wanyama wa filamu za Disney, alifundisha kwamba tabia mbaya yoyote hukomeshwa kwa kuipa matokeo machungu yasiyokwepeka. Kwa mbwa anayefukua mashimo bustanini alishauri shimo lenyewe lijazwe maji na kichwa cha mbwa kitumbukizwe humo. Mbwa wa aina hiyo aliacha kufukua, na wenye nyumba waliridhika. Sababu ya kufukua, ikiwa ni upweke, joto au kukosa la kufanya kutwa nzima, haikuulizwa.

Ukali huo ulipata baadaye utetezi wa kisayansi usiostahili jina hilo. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha utafiti juu ya mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, ambako aliona mapigano ya kugombea cheo, na kutokana na kazi hiyo, na kitabu cha David Mech cha mwaka 1970 kilichoisambaza, ikajengeka imani kwamba kila mbwa anayenguruma sebuleni anapigania ukubwa wa nyumba. Watawa wa New Skete, jimboni kwao New York wakijulikana kwa ufugaji wa mbwa, walishauri katika kitabu chao cha mwaka 1978 kwamba mbwa mkaidi alazwe chali kwa nguvu na kukandamizwa mpaka anyamaze, ushauri ambao waliuondoa wenyewe katika toleo la mwaka 2002. Mech, baada ya kukaa majira mengi ya kiangazi na familia ya mbwa mwitu katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa ya Kanada, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida porini ni baba, mama na watoto wao, na kwamba wanaoongoza huongoza kwa sababu ni wazazi. Kwa miaka mingi alimwomba mchapishaji asitishe kile kitabu chake cha zamani. Ni wanasayansi wachache waliofanya bidii ya namna hiyo kuurekebisha usemi wao wenyewe, na anastahili heshima kwa hilo.

Jibu la kina kuhusu maana ya ukimya lilikuwa limepatikana tayari mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwa majaribio ambayo leo ni vigumu kuyasoma bila uchungu. Martin Seligman na Steven Maier waliwafunga mbwa katika mikanda na kuwapa mishtuko ya umeme. Kundi moja liliweza kuukatisha mshtuko kwa kusukuma kibao kwa kichwa, na kundi la pili lilipata mishtuko ileile bila njia yoyote ya kuizuia. Baadaye kila mbwa aliwekwa katika sanduku lenye vyumba viwili, ambamo kuruka kizuizi kifupi tu kulimtoa katika umeme. Mbwa wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walihangaika kidogo, kisha wakalala chini wakilia taratibu na kuupokea umeme mpaka mwisho, ingawa mlango wa wokovu ulikuwa wazi. Watafiti waliita hali hiyo unyonge wa kujifunza, yaani kukata tamaa kunakotokana na kugundua kwamba hakuna tendo lenye faida, na ili kuwaponya baadhi yao ilibidi wavutwe kwa kamba kupita kizuizi mara nyingi, hadi waamini tena kwamba kutembea kunasaidia. Mtu anayepita bila kujua angemwona mbwa aliyelala vile na kumsifu kwa utulivu.

Chanzo cha wasiwasi nacho kilikuwa kikitafutwa mahali pengine, utotoni. John Paul Scott na John Fuller walifanya kazi kwa miaka 13 katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, wakiwalea mbwa wa aina tano, na mmoja wao alikuwa basenji, mbwa wa kuwinda wa misitu ya Kongo ambaye Olivia Burn alimfikisha Uingereza mwaka 1937. Watoto wa basenji walikuwa kigeugeu chenye mafundisho: wakiwa na majuma matano walimkimbia mtu, wakalia na kuuma walipobanwa pembeni, lakini kwa kushikwa na kuchezewa walizoea upesi. Kitabu chao cha mwaka 1965 kilieleza kwamba kati ya juma la tatu na la kumi na mbili hivi kuna kipindi cha kuzoeshwa, ambamo mtoto wa mbwa huwapokea watu, sauti na mahali kama sehemu ya kawaida ya dunia yake. Jaribio la mwaka 1961 lilikuwa limeonesha kwamba watoto waliokaa bila kuguswa na binadamu mpaka juma la kumi na nne walibaki kama wanyama wa porini. Matokeo haya yanagusa moja kwa moja desturi ya miji ya Afrika Mashariki ya kumfunga mbwa wa ulinzi tangu udogoni, mchana kwenye banda na usiku uani, nyuma ya geti lenye bango la kutahadharisha juu ya ukali wake. Ukali huo unaosifiwa mara nyingi ni woga: mnyama hakupata kujua mgeni ni nini, na mlinzi mzuri ni yule anayeweza kumtofautisha mgeni na mwizi.

Njia ya tuzo ilikuwa na historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Marian na Keller Breland, wanafunzi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner, walianzisha kampuni ya kufunza wanyama mwaka 1947 na kutumia mlio mfupi kumjulisha mnyama kwamba tendo alilolifanya sekunde hiyo ndilo linaloleta chakula. Wakufunzi wa mbwa wa wakati huo hawakuvutiwa. Mlio huo uliingia kwanza kwa pomboo, ambao haiwezekani kuwafunga kamba wala kuwakaba, na kutoka huko Karen Pryor, aliyewafunza huko Hawaii, akaueleza kwa wafugaji wa kawaida katika kitabu chake cha mwaka 1984. Ian Dunbar naye akaanzisha California madarasa ya watoto wachanga wa mbwa, wakiwa huru bila kamba. Sheria zilifuata polepole: Wales ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010.

Tiba ya hofu yenyewe ilipata umbo katika miaka ya 1970, pale David Tuber, David Hothersall na Victoria Voith walipoeleza, mwaka 1974, jinsi mbwa wanaoogopa radi wanavyoweza kusaidiwa kwa sauti ya ngurumo iliyorekodiwa. Sauti huanzia chini kabisa, kiasi kwamba mbwa huisikia bila kusimamisha masikio, naye hupewa kipande cha chakula akipendacho kila inaposikika. Huongezwa kidogo kidogo, na akianza kuhema, kulamba midomo au kufyata mkia, hurudishwa ngazi moja chini bila kukaripiwa. Kanda ya sauti, hata hivyo, haina umeme wa angani, upepo, wala mabadiliko ya hewa yanayotangulia mvua, na mbwa aliyetulia mbele ya spika huweza kutetemeka tena siku mawingu yanapofunga. Kwa sababu hiyo tiba hupangwa katika miezi isiyo na ngurumo, ambapo dhoruba ya kweli haitaingia katikati na kubomoa katika usiku mmoja kilichojengwa kwa majuma.